Ganzo Hakuutaja Moto

Ndara, Voi
Jumatano jioni

Kwa dada yangu mpendwa Tryphena,

Salamu zangu zikufikie kabla vumbi la huku halijakauka kwenye bahasha. U hali gani? Masomo ya uuguzi yanaendeleaje, na baridi ya Machakos imekuzoea au bado mnagombana? Mama anauliza kama ile sweta ya kijani bado inakutosha. Nyanya anasema usome lakini usisahau kula, maana mgonjwa hawezi kumwamini muuguzi aliyekonda. Sisi sote hatujambo, isipokuwa mguu wa Baba, ambao nitakueleza, na mimi, ambaye pia nitajieleza.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya Mama husikika nyumba nzima, na sauti yangu, unavyoijua, hupotea nikianza kusema jambo zito. Kwenye karatasi sipotei. Mulinge anapeleka vitunguu huko kesho, na ameahidi kukupa barua hii mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Baba sasa anatembea na mkongojo mmoja badala ya miwili. Daktari anasema mfupa umeshika vizuri. Pojo tulivuna zile za upande wa nyumba tu. Za kule chini tembo walizimaliza siku ileile Baba alipoumia. Wewe uliambiwa kwa simu kwamba nguzo ya uzio ilimwangukia Baba wakati tembo walipoingia, na hilo ni kweli. Lakini kuna maneno ambayo hukuambiwa, kwa sababu Mama hakutaka uyabebe hadi kwenye mitihani.

Mambo yalikuwa hivi. Upepo ulikuwa umelegeza nyaya za mizinga ya nyuki inayozuia tembo kule chini, kwenye mpaka wetu na ranchi, na Baba akashuka kuzikaza jua likianza kuzama. Juu ya dungu alikuwa Bravin wa Baba mkubwa Zephaniah. Kazi ya mtu wa dunguni unaijua: ukiona tembo, unalipiga debe, na aliye chini anapanda mbio. Tembo walikuja kwa njia ya korongo. Baba alishtuka walipokuwa wameshafika kwenye uzio. Mmoja akasukuma nguzo, nguzo ikamlalia Baba mguuni.

Bravin ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani. Hilo sikatai, na sitakataa hata mwisho wa barua hii. Hospitalini alilia mpaka wauguzi wakamletea kiti. Alisema anampenda Baba kama baba yake mzazi. Alisema yeye tangu utotoni ni mtu wa kuumia moyo upesi. Alisema alilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi, lakini Baba hakugeuka hata mara moja.

Hapo ndipo sumu ilipoingia. Baba mkubwa Zephaniah, kwa upole wake ule wa kuumiza, akawaambia watu waliokuja kutupa pole kwamba tusiulize ndugu yake alikuwa amekunywa nini siku hiyo, tushukuru tu kwamba yu hai. Dada, hakuna aliyekuwa ameuliza! Lakini baada ya kuambiwa wasiulize, kila mtu akajua. Baba, ambaye hajaonja pombe ya miwa tangu siku ulipopata barua ya kuitwa chuoni, amekuwa mlevi asiyesikia debe. Kanisani wamemwomba apumzike kidogo uzee wa kanisa mpaka mambo yatulie. Sahani ya sadaka sasa inazungushwa na baba yake Bravin.

Ungedhani Baba angekasirika. Hakukasirika. Alianza kuyapima masikio yake. Siku moja nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, na Mama amesimama mbali kwenye banda la mbuzi akimwita kwa sauti ya chini. Siku nyingine aliniomba nipande dunguni nilipige debe, yeye akiwa kule chini kwenye nguzo ileile, na ainue mkongojo kila akisikia. Nililipiga kwa nguvu, nikalipiga polepole, nikaligusa tu kwa ncha ya fimbo. Mkongojo uliinuka kila mara. Niliporudi nilikuwa na furaha, lakini yeye alitikisa kichwa akasema labda siku ile ulikuwa upepo. Kisha akaniuliza, kama mtoto anayemwuliza mwalimu, kama masikio yanaweza kuziba siku moja na kuzibuka nyingine.

Sasa nikupeleke shuleni, usinione nimeacha njia.

Unaikumbuka ile anime, ile katuni ya Kijapani wanayoiita Bendera ya Majivu? Uliiona vipande viwili ukiwa likizo ukasema macho yao ni makubwa kuliko sahani. Sasa imekuwa kama dini. Kidato cha tatu kizima kinaitazama. Wavulana wananyoa nywele kama Hideto, yule shujaa wake, na mwalimu wa nidhamu anazinyoa tena. Kila Alhamisi jua linapozama hutoka kipande kipya, na asiyekiona kabla ya Ijumaa asubuhi heri asije darasani, maana hataelewa hata salamu. Mimi peke yangu ndiye nisiyeipenda, na kwa sababu hiyo naitwa Mzee wa Baraza. Wananiuliza kama pensheni imeingia. Bravin, ambaye unajua jinsi watu wanavyompenda, aliwahi kuwaambia wenzetu wanivumilie, kwamba binamu yake alizaliwa na miwani na atazikwa na kamusi. Darasa lilicheka wiki nzima.

Bi. Ndunge, mlezi wa Kilabu ya Kiswahili, alipotangaza mjadala kuhusu kama Bendera ya Majivu inastahili sifa zake, watetezi walijaa ubao. Wa kupinga hakupatikana. Rita, mwenyekiti wetu, akaandika jina langu bila kuniuliza. Nilimwendea Bi. Ndunge nikamwomba aniondoe. Akasema kutopenda kitu siyo hoja, na kwamba kama ninajua kwa nini sikipendi nisimame niseme, na kama sijui basi nianze kukipenda kama wengine.

Basi nikakaa nikaifikiria. Nilijaza kurasa. Niliandika kwamba watu wawili wanapigana nyumba ikiwaangukia, lakini wanasimama kwanza kuelezana maisha yao mpaka chai ingepoa. Niliandika kwamba robo ya kila kipande ni kutukumbusha tulichokiona juma lililopita, kana kwamba sisi ni wagonjwa. Niliandika kwamba Hideto hashindi kwa akili wala kwa mazoezi, anashinda kwa kupiga kelele. Kadiri anavyopiga kelele ndivyo anavyopata nguvu, na kama ingekuwa hivyo kweli, makanga wa matatu za Voi wangekuwa wanatawala dunia. Niliandika kwamba ukilalamika, mashabiki wanakuambia uvumilie, utamu unaanza kipande cha mia mbili. Chakula gani hicho cha kutafuna miaka minne ndipo ukisikie chumvi?

Lakini hizo zote zilikuwa sababu za kuchekesha. Sababu yenyewe ni Jenerali Ganzo. Huyu Ganzo alikichoma kijiji cha Hideto chote, na ndani yake mdogo wake wa kike. Vipande mia na zaidi Hideto anamtafuta. Mwishowe anampata, anamwangusha, anamwekea upanga shingoni. Ganzo anaanza kulia. Anasema alikuwa mtoto mwenye njaa. Anasema mama yake alimwacha sokoni. Muziki unapigwa, theluji inaanguka, Hideto anatupa upanga, anamkumbatia. Watu wanasema ndicho kipande bora kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa. Mimi nilikitazama mara tatu nikihesabu maneno ya Ganzo, na katika maneno yake yote hakuutaja moto. Hata mara moja. Alizungumza habari zake tu. Wala hakuna aliyewauliza waliochomwa.

Siku ya mjadala ukumbi ulijaa. Niliyasema yale ya kuchekesha, na kwa ajabu watu walicheka upande wangu. Nilipofika kwa Ganzo nilisoma upesi, nikakaa. Ndipo Bravin akasimama kujibu.

Alizungumza vizuri, dada. Hana karatasi, mikono mfukoni. Alisema Mzee wa Baraza anahesabu maneno kama karani, lakini machozi hayahesabiwi. Alisema asiyelia kwa kipande kile ana jiwe kifuani. Kisha, ili kuonyesha jinsi kilivyomgusa, akasimulia siku kilipotoka. Alisema yeye alikiona kabla ya shule nzima, dakika ileile kilipotua, kwa sababu alikuwa juu ya dungu la baba yake mdogo kule Ndara, mahali pekee kijijini panaposhika mtandao vizuri. Alisema aliweka vile vidude vya masikioni, sauti juu kabisa, na Hideto alipotupa upanga alilia mpaka skrini ikalowa. Hata nyumba ingebomoka asingesikia.

Ukumbi ulipiga makofi. Rita alipangusa macho. Bravin alikaa akinikonyeza.

Dada Tryphena, kipande kile kilitoka siku Baba alipovunjika mguu. Mashabiki wote wanaikumbuka tarehe ile kama sikukuu, na mimi naikumbuka kwa sababu nyingine. Pale ukumbini hakuna aliyejua tarehe ya ajali yetu kiasi cha kuunganisha mambo hayo mawili. Hata Bravin mwenyewe nadhani hakusikia alichokisema, maana alikuwa anazungumza habari zake tu. Ndipo nikaelewa kwa nini alijitolea kulinda kila Alhamisi, na sisi tukimsifu, Mama akimpelekea viazi vitamu juu kule. Debe halikupigwa. Baba hakuwa mlevi, wala masikio yake hayakuziba. Yaliyoziba yalikuwa ya mwingine.

Sikusimama. Nilitaka, lakini mimi ndiye mimi. Nilikaa nikiitazama shingo yake mbele yangu mpaka kengele ikalia.

Kisasi cha kwanza kilikuwa kidogo, lakini nitakuambia. Hadithi ya Bendera inatokana na vitabu vya picha vya Kijapani ambavyo vimeshafika mwisho, na mashabiki wa kweli hawavigusi ili wasijiharibie utamu. Jumamosi nilikwenda saiba pale mjini, kwenye kompyuta za kulipia, nikavisoma vyote vya mwisho. Jumatatu, kwenye mstari wa githeri, nilisimama nyuma ya Bravin nikamnong'oneza mwisho wote: kwamba hakuna vita kuu, kwamba bendera yenyewe ilikuwa ndoto, kwamba Hideto anafungua mkahawa wa tambi na Ganzo anakuwa mhudumu wake. Bravin aliangusha sahani. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akaninyamazisha kwa kuimba, lakini nilikuwa nimemaliza. Nikaona jinsi anavyojua kuziba masikio. Alinitazama kama mtu aliyefiwa, akaniambia mimi ni katili, kwamba kuna vitu haviwezi kurudishwa. Nilikula githeri yangu yote siku hiyo.

Kesho yake akaanza homa. Mama yake akasema hali chakula, halali usingizi, na kwamba mimi humtazama mwanawe kwa jicho baya tangu Baba alazwe. Maneno yakamfikia Nyanya, na Nyanya akasema alilolisubiri: kuna mtu wa ukoo huu amefunga hasira moyoni, na hasira iliyofungwa haimli mwenye nayo tu, hutafuta mtoto wa kumla. Akatuita wote Jumamosi asubuhi tufanye kutasa.

Umekuwa mbali, kwa hiyo nikukumbushe. Tulikaa uani, nyumba zote mbili. Nyanya alishika kibuyu cha maji. Kila mtu alipokea, akajaza kinywa, akayapuliza maji chini mbele ya watu, kisha akasema kama nilikuwa na hasira imetoka, mtoto apone. Maji yakitoka, yanatoka nayo. Mwinjilisti hapendi, lakini hata yeye mama yake akiugua utamkuta ameshika kibuyu.

Baba alitangulia. Alisimama kwa shida, akakataa kushikwa. Alipuliza maji yake mbali, kwa nguvu, kisha akasema hana neno na mtoto wa kaka yake. Akasema kosa lilikuwa la masikio yake mwenyewe, na kwamba anamwomba Bravin msamaha kwa kumtia hofu siku ile. Unasikia, dada? Baba alimwomba Bravin msamaha. Bravin alikuwa amefunikwa shuka mlangoni pa nyumba yao. Nilimtazama. Nafasi ilikuwa mbele yake, kubwa kama uwanja wa mpira. Machozi yakaanza kumtoka, akasema anampenda Baba mdogo, akasema yeye ni mtu wa kuumia upesi. Akapokea kibuyu, akapuliza maji yake, wanawake wakaguna kwa huruma.

Hakuutaja moto.

Kibuyu kikanifikia. Nyanya alinishika kichwa kwa mkono wake ule mkavu, akanong'ona kwamba anajua ni mimi, na kwamba hana lawama, nitoe tu. Nilijaza kinywa. Yalikuwa baridi, yana ladha ya moshi. Niliinama, nikageuka kidogo upande wa ukuta, nikapuliza hewa, nikajifuta midomo kwa mkono wa shati. Kisha nikasema maneno yote kama yanavyosemwa.

Dada yangu, nilikuwa nimeyameza.

Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza. Niliyameza yote, mbele ya Nyanya, kwa kusudi, na sijayajutia. Bravin alipona siku mbili baadaye. Nyanya anasema ni kutasa, mama yake anasema ni maombi, na mimi niliona paketi ya dawa za malaria dirishani. Hasira yangu haikumla mtoto wa mtu. Iko hapa, salama, nimeikalia, na nimeipatia siku.

Jumapili hii ni sikukuu ya mavuno. Kanisa limeamua kumpa Bravin zawadi ya kijana shujaa kwa kumbeba Baba. Mchungaji alikuja nyumbani kuniomba niandike maneno ya sifa na niyasome mwenyewe, kwa sababu mimi ni wa familia na ninaandika vizuri. Baba alifurahi, akaniambia niandike maneno mazuri. Nimeandika.

Nitaanza kwa kumsifu kwa kumbeba, maana ni kweli. Kisha nitamwomba, kwa heshima, awasimulie wazazi kile kisa alichotusimulia ukumbini, cha siku alipolia juu ya dungu. Vijana wote watakuwa pale, na Rita anaimba kwaya. Asiposimulia yeye watamsaidia, maana wanakipenda sana. Nitauliza ilikuwa siku gani. Watanijibu kwa sauti moja. Halafu nitamwomba Baba mkubwa Zephaniah, kwa kuwa ameishika sahani ya sadaka, awaambie watu ndugu yake alikuwa amekunywa nini.

Najua utasema nimwambie Baba kwanza, faraghani. Nimelifikiria. Baba atamsamehe kabla sijamaliza sentensi, na jambo litazikwa chini ya kitanda chetu huku jina lake likiendelea kuokotwa na kila mpita njia. Jina lilichafuliwa mbele za watu, litasafishwa mbele za watu. Akitaka kusamehe baada ya hapo, atakuwa anasamehe kitu chenye jina. Mimi sitamsaidia kusamehe. Na Bravin akianza kulia, nitaongeza sauti.

Sauti yangu ndiyo ninayoiogopa. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Njoo Jumamosi. Omba ruhusa, sema baba yako anaumwa, si uongo. Kaa naye mstari wa mbele, upande wake wa kulia, uniangalie mimi na usiangalie watu. Na nikifika pale pa vidude vya masikioni, mshike mkono, kwa maana atakuwa anageuka kukuuliza kama amesikia sawasawa. Mwambie amesikia.

Mama anakusalimu, Nyanya pia, na mbuzi wako mweusi amezaa pacha. Mpe Mulinge jibu la mdomo tu, ndiyo au siyo. Atanipitia Ijumaa akirudi. Mungu akuongoze katika safari na masomo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado ana maji tumboni,

Noah